Vijana 22, Jumamosi kumi na shilingi 8,000: nianze na somo gani la pesa?

MwalimuWaJumamosi

Asalaam aleikum, hamjambo nyote.

Nimekabidhiwa kikundi cha vijana 22 hapa Kisauni, Mombasa, wa miaka 17 hadi 21. Wengi wamemaliza kidato cha nne, wengine wanapata vibarua vya mjengo, wawili wanaendesha tuktuk za watu. Ukumbi tunao kila Jumamosi saa nne hadi saa sita, kwa wiki kumi. Kamati imetoa 8,000 taslimu za mafunzo ya vitendo, na sharti ni kwamba zisigawanywe mkononi.

Kitabu cha mwongozo nilichopewa kinaanza na ndoto, maono na malengo ya miaka mitano. Bajeti iko mlango wa sita, bei na faida mlango wa tisa. Naona kama kimepinduliwa. Tena kina mfano wa bajeti ya mtu anayelipwa mshahara mwisho wa mwezi, na humu hamna hata mmoja wa namna hiyo.

Maswali yangu ni matatu. Nianze wapi? Mikopo ya simu niifundisheje bila kuonekana naikataza tu? Na la tatu, kitabu kinataka tuanzishe kisanduku cha akiba kinachokopesha kwa asilimia 10 kwa mwezi. Nusu ya vijana wamekataa papo hapo kwa sababu ni riba. Kuna njia?

Daftari_la_Marikiti

Waleikum salaam, mwalimu. Funga hicho kitabu uanze na mlango wa tisa. Kijana akishajua kiazi kimoja kinamgharimu pesa ngapi, bajeti ataidai mwenyewe.

Siku ya kwanza chukua viazi karai, vile vya kuchovya kwenye unga na kukaanga, kwa sababu kila mtu humo amevila na kila mtu anadhani yuwajua vinavyolipa. Peleka mizani ya jikoni na kilo 5 za viazi, wahesabu ubaoni. Bei hizi ni za mfano, wao walete za soko la wiki hiyo:

Viazi kilo 5, 450. Unga wa ngano kilo 1, 90. Mafuta yaliyotumika mililita 600, 180. Makaa 100. Ukwaju, pilipili, bizari, ndimu na chumvi, 80. Karatasi na vijiti, 50. Nauli ya soko la Kongowea kwenda na kurudi, 100. Jumla 1,050.

Viazi vya wastani, kila kimoja kikikatwa mara mbili, kilo 5 zinatoa kama vipande 100. Sasa waulize wanauza bei gani. Watakwambia shilingi 10, maana ndiyo bei ya jirani. Vipande 100 kwa 10 ni 1,000. Wameuza vyote, hawakubakisha kitu, na wamepoteza 50. Hapo nyamaza kidogo, waache wabishane.

Wakipandisha hadi 15, gharama inarudi kwenye kipande cha 70. Kiazi cha 71 ndicho cha kwanza cha faida. Na usiwaache wahesabu 100, kwa sababu vinne vitameguka kwenye karai na sita vitaliwa na wenyewe na rafiki zao wa maskani. Vinabaki 90, mauzo ni 1,350, faida ni 300. Watu wawili kwa saa nne ni saa nane za kazi, kwa hivyo jasho lao limelipwa shilingi 37 na nusu kwa saa. Hesabu hii ya mwisho vitabu vingi huiruka, na ndiyo inayomfanya kijana aanze kufikiri.

Wiki inayofuata rudia kwa kilo 10. Viazi 800 kwa sababu umenunua vingi, unga 180, mafuta 330, makaa 150, viungo 130, karatasi 100, nauli ileile 100. Jumla 1,790. Ukiuza vipande 180 kwa 15 unapata 2,700, faida 910. Viazi vimeongezeka mara mbili, faida imeongezeka mara tatu, kwa sababu nauli haikuongezeka na makaa yameongezeka kidogo. Lakini wateja 180 wanatoka wapi? Kiazi karai cha jana hakiuziki. Swali hilo waachie wao walijibu kwa kusimama kituo cha matatu saa kumi na moja jioni na kuhesabu ni watu wangapi wananunua kwa jirani ndani ya nusu saa.

Makosa utakayoyaona, nakutajia mapema:

Mafuta. Watayaandika sifuri kwa sababu yametoka jikoni kwa mama. Wafundishe kupima: mafuta yamiminwe kutoka kwenye chupa yenye alama, baada ya kukaanga yakishapoa yachujwe na kurudishwa kwenye chupa ileile. Kilichopungua ndicho kilichotumika. Yakishakuwa meusi na kutoa povu yanamwagwa, na yaliyomwagwa nayo ni gharama.

Mtaji wa kupewa. Mtu akipewa kitu na shangazi, akiandike kwa bei ya dukani. La sivyo faida yake ni sadaka ya shangazi.

"Niandikie." Mteja wa deni si mauzo mpaka alipe. Ukurasa wa madeni ukae nyuma ya daftari, peke yake, na mtu mmoja asizidi shilingi 50.

Kuhusu 8,000 zako: ukigawanya kwa 22 kila mmoja anapata 363 na hakuna linalofanyika. Tengeneza timu nne, kila moja ikopeshwe 1,100 asubuhi na irudishe 1,100 jioni ileile au kabla ya Jumamosi ijayo. Zitabaki 3,600 za mizani, madaftari, kisanduku na dharura. Na timu zote zisiuze viazi. Moja viazi, moja kachri za mihogo, moja juisi ya ukwaju, moja mabuyu. Mabuyu yanakaa, viazi vinakufa jioni. Tofauti hiyo inawafundisha mzunguko wa pesa kuliko mchoro wowote.

BintiTudor

Nakubaliana na kaka hapo juu, ila daftari lisingoje wiki ya pili. Lianze siku hiyohiyo, na liwe la safu nne tu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Ukimpa kijana safu tisa atajaza siku moja aache.

Kila jioni kilichobaki kwenye karatasi kilinganishwe na kilicho mkononi. Visipolingana, wasirekebishe nambari! Waandike mstari wa "tofauti: pungufu 40" na wasaini. Kikundi kinachorekebisha nambari ili zipendeze kimeshajifunza kudanganya, na mwezi wa tatu mweka hazina atakuwa amekula pesa bila mtu kujua.

Bajeti ya mwezi kwa watu hawa haifai, umesema kweli. Pesa yao inaingia kwa siku na kwa msimu. Mwenye kazi za ufukweni yuko vizuri Desemba, na ikifika masika, Aprili hadi Juni, hoteli nyingine hupunguza watu au hufunga. Muuza viazi hauzi mchana wa Ramadhani, anauza kabla ya futari, na Idi anauza kushinda wiki nzima. Kwa hiyo wachore mwaka wa miezi 12 kwenye karatasi ya manila, kila mmoja apake rangi miezi yake ya neema na miezi ya njaa. Akiba inahama kutoka rangi moja kwenda nyingine. Kwa matumizi ya kila siku, makopo matatu yanatosha: la kwanza ni mtaji wa kesho, la pili ni la nyumbani, la tatu ni lake. Mtaji unatolewa mwanzo, kabla hajala. Aliyeuza viazi vya 1,350 anaweka 1,050 kando, na zile 300 ndizo za kugawanya. Wengi hugawanya 1,350, halafu kesho wanatafuta wa kuwakopesha.

Kwenye simu kopo la mtaji ni Pochi la Biashara. Ni pochi tofauti kwenye laini ileile, kwa hivyo pesa za wateja hazichanganyiki na zake. Na wafundishe ujumbe bandia wa M-Pesa: mzigo hautoki mpaka salio litazamwe. Mteja kuonyesha simu yake si malipo.

Sasa mikopo ya simu. Usihubiri. Weka hesabu mbili ubaoni kando kwa kando.

Tuseme M-Shwari, mkopo wa M-Pesa, inatoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukikopa 1,000 unarudisha 1,075. Hiyo ni nafuu au ghali? Watasema nafuu, ni 75 tu. Waambie wakope 1,000 ileile kila mwezi kwa mwaka mzima. Wamelipa 900 kwa kutumia elfu moja ya mtu.

Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ulioanza tarehe 30 Novemba 2022, mkopo wake wa mtu binafsi ni asilimia 8 kwa mwaka, unarudishwa ndani ya siku 14. Kwa 1,000 hiyo ni kama shilingi 3. Lakini asilimia 5 inakatwa kwenda akiba, mkononi unapata 950. Hapo wafundishe kuuliza maneno mawili: asilimia ngapi, *kwa muda gani*. Asilimia 7.5 na asilimia 8 zinafanana mpaka uone moja ni ya mwezi na nyingine ya mwaka.

Halafu waulize biashara gani inageuza pesa ndani ya siku 14. Viazi, ndiyo, hata siku moja. Juisi, ndiyo. Bunda la mtumba ambalo nusu linabaki mwezi mzima, hapana, hata riba iwe ndogo vipi. Mkopo unaua kwa muda kabla haujaua kwa riba. Kijana aliyekopa siku 14 kununua bidhaa ya siku 40 atakopa programu ya pili kulipa ya kwanza, na ya tatu kulipa ya pili. Ukifundisha hilo tu umemaliza.

Programu nyingine za mikopo: tangu 2022 mkopeshaji wa kidijitali anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na Benki Kuu hutoa orodha ya walio nayo. Zoezi la dakika kumi: kila mmoja afungue simu yake, atazame programu aliyonayo iko kwenye orodha au haiko, na inaomba ruhusa ya kusoma majina ya watu kwenye simu au haiombi. Ukumbi utakuwa kimya.

Ustadh_wa_Hesabu

Mwalimu, swali la tatu nilichukue mimi. Kwanza usikitupe kisanduku kizima kwa sababu ya asilimia 10. Umbo lenyewe ni zuri. Lilianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini, na nguvu yake haiko kwenye riba, iko kwenye taratibu: watu 15 hadi 25, mzunguko wa miezi 9 hadi 12 kisha kugawana kila kitu, kisanduku chenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na anayekaa na kisanduku hana hata ufunguo mmoja. Pesa hufunguliwa na kuhesabiwa mbele ya wote. Kabla ya kuondoka salio husomwa kwa sauti, na mkutano ujao wanachama hulitaja kwa kichwa kabla kisanduku hakijafunguliwa. Wasiosoma na waliosoma wako sawa.

Bei ya hisa pangeni kwa uwezo wa aliye chini kabisa, si wa wastani. Kwa vijana wako hisa iwe 20, na kila mkutano mtu anunue moja hadi tano. Kikomo cha tano si urembo: kinazuia mwenye tuktuk kuwa bosi wa kikundi.

Riba sasa. Njia ziko tatu na zote zinahitaji daftari alilolisema dada.

Karadha: anakopa 500, anarudisha 500. Ada ya fomu inaruhusika ikiwa ni gharama halisi ya karatasi, isiwe asilimia. Faini ya kuchelewa isiingie kwenye faida ya kikundi, iende sadaka. Hii iwe kwa dharura: ugonjwa, msiba.

Murabaha: kijana anahitaji karai na jiko, bei 3,200. Kikundi kinatuma wawili dukani, kinanunua kwa pesa yake, kinashika mali, kisha kinamuuzia kwa 3,500 kwa mafungu saba ya 500. Amejua bei ya kununulia na faida ya 300 tangu mwanzo. Akichelewa, 3,500 inabaki 3,500. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kumpa kijana zile 3,200 mkononi "akanunue mwenyewe" na kuandika murabaha juu yake. Hiyo ni mkopo wa riba uliovishwa kanzu. Mali lazima ipite kwenye mikono ya kikundi, na ikivunjika njiani kabla hajauziwa, hasara ni ya kikundi.

Mudharaba: kikundi kinatoa mtaji, kijana anatoa kazi, faida inagawanywa kwa uwiano, tuseme 40 ya kikundi na 60 yake. Uwiano wa faida, si kiasi kilichotajwa. Ikiwa hasara na hakuzembea, kikundi kimepoteza mtaji na yeye amepoteza jasho lake. Kwa wanaoanza hii ni ngumu, kwa sababu asiyeandika mauzo ataleta hasara kila wiki. Ianzeni baada ya daftari kulingana mikutano sita mfululizo.

Kugawana ni hesabu ya shule ya msingi. Tuseme vijana 22 wananunua kwa wastani hisa mbili mbili kwa mikutano 40: hisa 1,760, shilingi 35,200. Murabaha zimeleta faida 4,400. Jumla 39,600, gawa kwa 1,760, kila hisa ni 22.50. Mwenye hisa 90 anachukua 2,025. Wasio Waislamu kwenye kikundi hawapotezi chochote kwa mtindo huu. Katiba ikiandikwa, mpelekee imamu wa msikiti wenu aipitie kabla haijasainiwa, isiwe baadaye.

Na wale wa miaka 17 waweke akiba, lakini kadi zao zisainiwe na mzazi, na mdhamini wa mkopo asiwe mwenzao wa miaka 17.

Mpiga_Muhuri

Mimi nina dogo tu. Mazoezi yakitoka ukumbini yakafika barabarani, kibali cha kaunti kinahitajika, na anayeshika chakula anahitaji cheti cha afya, ambacho hufanywa upya kila miezi sita. Viingizwe kwenye hesabu ya gharama, vigawanywe kwa siku za kuuza. Wasiviite bahati mbaya siku askari wa kaunti wamefika. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo kachri ziuzwe kwenye karatasi.

Wakiogopa kodi: ile ya asilimia 3 ya mauzo, tangu Julai 2023, inaanza kwa mauzo ya zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Muuza viazi wa 2,700 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anafika 842,400. Bado hajafika, ila wampigie hesabu mwenyewe wajue yuko karibu.

MwalimuWaJumamosi

Nashukuru sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mpango wangu ni huu, nikosoeni: Jumamosi ya 1 viazi na daftari. Ya 2 hadi ya 4 timu nne zinauza. Ya 5 manila ya misimu na makopo. Ya 6 mikopo ya simu. Ya 7 katiba ya kisanduku, ya 8 mkutano wa kwanza wa hisa. Ya 9 na ya 10 murabaha ya kwanza.

Ustadh_wa_Hesabu

Kisanduku umekichelewesha. Mkutano wa kwanza wa hisa uwe Jumamosi ya 3, hata kwa hisa moja moja, na ukae dakika 20 tu mwanzoni mwa kila kipindi. Ukianza ya 8, hisa tano tano za watu wote ni 2,200 kwa mkutano, na hawatanunua tano. Kwa hisa mbili mbili ni 880 kila wiki. Wiki tatu ni 2,640, karai na jiko la 3,200 hamtaliona. Ukianza ya 3, mwisho wa ya 6 mna 3,520.

Daftari_la_Marikiti

Na Jumamosi ya 2 usiende Kongowea na timu zote nne pamoja. Vijana 22 wakimzunguka muuzaji mmoja, bei inapanda. Peleka wawili kwa kila timu, kila timu iulize kwa wauzaji watatu na kuandika, kisha mkusanyike nje ya soko kulinganisha kabla mtu hajatoa shilingi. Mizani yako nenda nayo. Kipimo cha ndoo na kilo havielewani hata siku moja.

BintiTudor

Kufuli tatu zikinunuliwa duka moja, za aina moja, za bei ya chini, jaribu kila ufunguo kwenye kila kufuli kabla hujalipa. Mara nyingi ufunguo mmoja hufungua mbili.